Mji unaotembea kwenye gemu: ulipe mashamba unayoyakanyaga au hii ni fantasia tu?

Kamwene wadau wa Iringa, na ndugu zangu wa Mbeya habari za leo. Naomba tujadili hili maana kundi letu limegawanyika na mimi sitaki life.

Tuko saba, tunacheza gemu za mezani Mwanjelwa kila Jumamosi, zile za kusimulia, kila mtu ana mhusika wake, mnarusha dadu, mmoja anaongoza hadithi, kwa sasa ni mimi. Wachezaji wangu wameteka mji unaotembea, ngome ya miguu nane, watu 5,000 ndani, soko, karakana, kila kitu. Wiki mbili zilizopita ukavuka bonde la mpunga. Nikawaambia haya, wenye shamba wamesimama pale kwenye tuta wanawaangalia, mnawaambia nini? Wenzangu wawili wakakasirika kwelikweli, wakasema hii ni fantasia, mambo ya fidia tuyaache serikali za mitaa.

Hoja yao naiheshimu. Wanasema Dungeons & Dragons, ile gemu kongwe ya aina hii, ipo toka 1974 na ndani yake kuna kile kijichuma cha inchi moja, unakitupa chini unatamka neno kinageuka mnara wa kama mita 6 kila upande na mita 9 kwenda juu, na hakuna anayeuliza kiwanja ni cha nani. Sawa, lakini jamani someni sheria yake mpaka mwisho, toleo la tano linasema aliyesimama pale mnara unapoota anaumia kwa jumla ya dadu 10 za pande 10, hiyo inaua mtu wa kawaida mara kadhaa. Kwa hiyo hata waliotunga walijua chini ya ngome kuna mtu.

Halafu tupige hesabu. Watu 5,000, kila mmoja unga nusu kilo kwa siku, hizo ni gunia 25 za kilo mia kila siku ya Mungu. Maji lita 20 kwa kichwa ni lita 100,000, yaani mabouza kumi ya lita elfu kumi. Mji hauna shamba, uko barabarani, hivyo vitu vinatoka wapi kama si kwa wale wale unaowapita? Unanunua, au unaomba, au unapora, na mimi nataka wachezaji wachague, basi.

Na nyie wa Iringa hili mnalijua kuliko sisi. Agosti 1891 pale Lugalo, Zelewski, kamanda wa Wajerumani, alikuwa na jeshi lenye bunduki za kisasa na mizinga lakini lilikuwa linatembea, msururu mrefu njiani, Wahehe wakalivamia kabla halijajipanga na yeye mwenyewe akafa pale. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 1894, Kalenga, ngome ya Mkwawa chifu wa Wahehe, yenye ukuta wa mawe, ikaanguka kwa sababu ilikuwa imesimama na mizinga ilikuwa na muda wa kuilenga. Kwa hiyo kutembea kuna hatari yake na kusimama kuna hatari yake, gemu nzuri inataka zote mbili. Ila kinachonigusa mimi ni kilichofuata, Mkwawa alikaa porini karibu miaka minne, hana ukuta, kichwani ana dau la rupia 5,000, na hakudumu mpaka 1898 kwa uchawi, alidumu kwa sababu kuna watu walikuwa wanamlisha na kumficha. Hiyo ndiyo ngome inayotembea. Ukuta wake ni watu wa njiani.

Mimi nimekulia Usangu, nimemwona mjomba anaamka asubuhi anakuta ng'ombe wameingia kwenye mpunga uliobakiza wiki tatu kuvunwa, ekari nzima chini. Mwenye ng'ombe naye hakuwa mtu mbaya, alikuwa anatafuta maji kiangazi kile. Walikaa kwa mwenyekiti wa kijiji toka saa mbili hadi jioni na yale mazungumzo yalikuwa makali kuliko vita yoyote niliyowahi kuisimulia mezani. Ndiyo maana nikiambiwa nikiweka wakulima nitaua utamu nashindwa kuelewa, utamu uko pale pale.

Ninachopendekeza ni kidogo tu. Mji ukipita sehemu, mwongoza hadithi anataja nani anaishi pale na anadai nini, na wachezaji wakimdhulumu basi safari inayofuata njia ile hakuna chakula, hakuna mtu wa kuwaonya adui akija. Mwenzangu mmoja kasema itachelewesha mchezo. Labda. Ila kila aliyepanda mlima Kitonga anajua lori moja likizima kwenye kona, foleni nzima inageuka kijiji, watu wanauziana mahindi, wanapigana, wanasaidiana kuweka mawe kwenye matairi, na ukifika nyumbani hicho ndicho unachokisimulia.

Jumamosi hii mji wetu uko chini ya mlima kama ule, mguu mmoja umevunjika, na mafundi pekee wa karibu ni watoto wa wale wenye mpunga. Wenzangu wanataka nifute wakulima wote tuanze upya. Mimi nasema hapana. Nyie mngeamuaje?