Picha ya akriliki sm 100 x 70 kwenye ukuta wa tofali za kuchoma: nitundikeje?

MwangaJuu: Wakuu, habari za majukumu. Nataka kuagiza Dar nakala ya "Composition VIII", mchoro wa Kandinsky (1923), iliyochapwa kwenye akriliki (plastiki ngumu, angavu kama kioo) ya mm 5, nitundike sebuleni hapa Kigoma. Ukuta ni tofali za kuchoma, plasta ya saruji, mkabala na dirisha la magharibi. Silikoni inatosha, au nitoboe?

ChapaSafi: Kipimo umekipatia. Mchoro halisi, ulioko makumbusho ya Guggenheim kule New York, ni kama sm 140 kwa 201, hivyo kwa 100 x 70 hakikatwi kitu. Ukiletewa ya mraba ikatae. Hapo wamekata ubavu wa mchoro, na lile duara kubwa la juu kushoto ndilo huumia.

Kabla hujalipa, uliza faili lina pikseli ngapi. Chini ya 5,900 x 4,100 mistari myembamba hutoka na vijino, na mchoro huu karibu wote ni mistari. Uliza pia kama nyuma ya wino kuna tabaka jeupe. Bila hilo rangi hupauka na ukuta huonekana kwa nyuma. Njiani bamba lisafiri limesimama kwa ubavu katikati ya plaiwudi mbili. Likilazwa chini ya madumu ya mawese, usilaumu chapa.

FundiTbr: Silikoni hapana, mkuu. Yenyewe hushika, ila rangi ya ukuta ndiyo hubanduka na picha ikashuka nayo.

Bamba hilo lina kama kilo 4.2, si mzigo. Kinachoangusha ni tundu lililoishia kwenye plasta. Tumia biti ya mm 8, fisha (kile kiplastiki cha tunduni kinachoshika skrubu) ya mm 8, skrubu ya 5 x 60. Drili izungushe tu, zima ile ya kugonga, maana tofali ya kuchoma ni laini na tundu hupanuka, fisha ikabaki inacheza. Angalia vumbi: likibadilika kuwa jekundu umeingia kwenye tofali. Likibaki la kijivu hadi sm 3 na zaidi, umeangukia kwenye kiungo cha saruji kati ya tofali. Sogea sm 4.

Matundu ya bamba yatobolewe hukohuko karakana, sm 2.5 au zaidi kutoka ukingoni. Biti ya chuma ya kawaida hung'ata akriliki na kuipasua. Boliti inayopita kwenye bamba ikiwa mm 8, tundu liwe mm 10, kwa sababu akriliki hutanuka: mita moja, joto likipanda nyuzi 20, huongezeka karibu mm 1.4. Kaza kwa vidole tu. Ukikaza kwa spana, ufa huanzia hapo.

MwangaJuu: Na jua la jioni?

ChapaSafi: Hamishia ukuta wenye dirisha lenyewe, au wa pembeni. Hapo mkabala wino utafifia, na kila alasiri utakuwa unatazama dirisha lako, si Kandinsky. Kufuta ni kitambaa laini cha pamba, maji na tone la sabuni. Thina, spiriti na dawa ya vioo yenye amonia huacha vijiufa kama nywele, na havitoki.