Kikundi cha Familia: Subaru ya gia au ya otomatiki?

Faraji: Masalkheri nyote. Nimebakia na gari mbili za kuagiza Japani, zote Subaru WRX za 2019, zote milango minne, zote ziko ndani ya ile miaka 8 ya sheria ya kuagiza gari Kenya. Moja STI, moja S4. Nipeni fikra zenu kabla sijatuma pesa.

Shangazi Rukia: Masalkheri mwanangu. Tofauti yake nini? Kwa picha naona gari moja.

Faraji: Kwa nje zafanana, shangazi. STI ni ya klachi, gia 6, nguvu za farasi 308. S4 ni otomatiki ya CVT, farasi 300. Kule Japani STI ya toleo hili haikuuzwa na otomatiki, na S4 haikuuzwa na klachi. Wachukua walichokupangia.

Ami Salim: STI. Usiulize mara mbili.

Shangazi Rukia: Salim, hebu ngoja. Hiyo ndiyo gari ya nyumba. Ndiyo ya kumpeleka mama kliniki, ndiyo ya watoto shule. Leseni yangu ni B1, otomatiki tu. Faraji yuko zamu ya usiku, mama amezidiwa, nani ataitoa hiyo gari uani?

Mwanaisha: Shangazi ana haki. Na foleni ya Changamwe je, ami? Klachi, breki, klachi, breki, mpaka goti laomba ruhusa.

Ami Salim: Sikizeni. Asiyetaka klachi apewe otomatiki, sina ugomvi naye. Wala sisemi klachi ndiyo yenye mbio, hizi otomatiki za sasa zabadilisha gia haraka kuliko mkono wa mtu yeyote. BMW M3 ya klachi ilitoka na farasi 473, ile Competition ya otomatiki ikapewa 503. Kwa kasi tumeshindwa, yamekwisha. Lakini kasi hiyo utaitumia wapi? Sheria yetu mwisho 110. Gari ya nguvu kwa barabara zetu, raha yake iko mkononi. Wakaribia raundabauti, watoa ya tatu, wagusa mafuta kidogo injini ipande, waingiza ya pili, waachia klachi polepole. Gari yaingia laini, mtoto aliyelala nyuma hata kichwa hakimtikisiki. Hayo wayapata kwa mwendo wa 40, na hakuna askari wa kukusimamisha.

Mwanaisha: Na pale Likoni? Watoka kwa feri, ule mlima, gari imejaa watu, mbele matatu imesimama, nyuma mkokoteni wa maji. Klachi yaanza kunuka.

Ami Salim: Ikinuka ni mguu umeikalia. Vuta handibreki, ingiza moja, achia klachi mpaka usikie pua ya gari inainuka, ongeza mafuta, toa handibreki. Wewe mwanangu leseni yako ni B2, hayo wayaweza. Na klachi ikiisha, fundi yeyote Kisauni ataifungua. CVT ikifa, wengi watakwambia utafute nyingine nzima.

Faraji: Ami, kinachoniuma ni kingine. S4 ina EyeSight, zile kamera mbili juu ya kioo cha mbele zinazofunga breki zenyewe gari ya mbele ikisimama ghafla. STI haina. Yaani nikitaka kupiga gia mwenyewe, wanangu wakose kamera?

Ami Salim: Hapo wametukosea, na nasema kwa uchungu. Gari ya milango minne yauzwa kwa mtu mwenye watoto, halafu aambiwa achague, raha yake au usalama wao. Toyota nao 2019 walitoa Mark X GRMN ya gia 6, gari 350 pekee. Mark X zimejaa mji huu, lakini uliza yadi yoyote kama wanayo ya klachi.

Ami Salim: Cadillac ndio walioniridhisha. CT5-V Blackwing, farasi 668, viti vya watoto vyakaa nyuma, na klachi ndiyo inayokuja na gari. Ukitaka otomatiki waongeza pesa, wapewa. Hakuna anayenyimwa.

Faraji: Ile ni usukani wa kushoto, ami. Kwetu haiandikishwi.

Ami Salim: Najua. Nasema yawezekana.

Shangazi Rukia: Basi mimi na wewe twasema kitu kimoja, Salim. Sipingi klachi. Napinga kufungiwa nje ya gari ya nyumbani kwangu.

Ami Salim: Hapo sina la kukujibu, dada.

Faraji: Nachukua S4. Ya kamera, na shangazi aweza kuitoa usiku. Lakini wangeniuzia hiyo hiyo na klachi ningelipa zaidi, wallahi.

Ami Salim: Haya, Mungu aibariki. Wakutumie kwanza rekodi ya kubadilishwa mafuta ya CVT. Wasipokuwa nayo, achana na hiyo, tafuta nyingine.

Mwanaisha: Na mimi nitumie nambari ya chesisi nikupigie hesabu ya ushuru kesho asubuhi.