Kwanini madogo wa Dom wamehamia kwenye UFC?

mkwaju_dom
Wakuu habari za jioni. Nipo hapa Dom maeneo ya Sabasaba, nina swali limenikaa muda sasa. Kijiweni kwetu ilikuwa Simba na Yanga toka asubuhi mpaka jioni, saivi madogo wa boda wakikosa abiria tu wanaanza kuoneshana klipu za UFC, yale mapigano ya Marekani ya ngumi, mateke na kabali, nani kampiga nani kabali, Khabib aliyekuwa bingwa huko wanamjua kuliko winga wa Dodoma Jiji, na cha ajabu mtaani kwetu hakuna kibanda umiza hata kimoja kinachoonesha hizo ngumi. Sasa imeingiaje? Wazee wanasema ni kupenda fujo tu, mimi siamini, nahisi kuna mambo ya maisha na hela nyuma yake. Wenye uelewa karibuni.

jicho_la_pembeni
Mkuu ingekuwa fujo tu basi ingependwa toka mwanzo. UFC ilianza 1993 kule Denver, sheria chache sana, uzito haujagawanywa, na ilipigwa vita kweli, Seneta John McCain akaifananisha na kupiganisha majogoo, majimbo kibao Marekani yakaipiga marufuku. Ilikaribia kufa kabisa. 2001 ndugu wawili wenye makasino Las Vegas, kina Fertitta, wakainunua kwa dola milioni 2, sheria zikawekwa sawa, halafu 2005 wakaja na wazo la kuwaweka wapiganaji nyumba moja na kuwarekodi wanavyoishi. Hapo ndo watu wakaanza kuwajua, huyu ana mtoto mgonjwa, yule kaacha kazi, ukishamjua mtu lazima utataka kujua kama kashinda. 2016 wakaiuza kwa dola bilioni 4 hivi.

Sasa swali lako la imeingiaje kwetu, jibu ni simu. Mapambano makubwa ya Las Vegas yakipigwa huku ni alfajiri ya Jumapili, kibanda gani kitafunguliwa saa hiyo? Ila klipu haina saa. Mpira unataka dakika 90 na king'amuzi kilicholipiwa, huku raundi ni dakika 5 na mara nyingi tukio lenyewe ni sekunde chache, mpiganaji Masvidal alimlaza mwenzake Askren kwa sekunde 5 mwaka 2019, bando la jero linatosha na chenji inabaki. Na korona ilichangia, 2020 ligi zimesimama hadi ya kwetu, UFC mwezi wa tano wameshaanza tena Florida bila mashabiki, baadae wakahamia Abu Dhabi.

bint_makole
Kaka yote sawa ila umeongelea wauzaji, wanaonunua hujawagusa. Mdogo wangu anapiga kibarua cha zege kule Mtumba, ana miaka 23, kwenye simu yake kaweka picha ya Francis Ngannou. Nikamuuliza kwanini huyu, akanambia dada huyu alikuwa anachimba mchanga kama mimi. Na ni kweli, Ngannou kakulia kijijini Cameroon, kachimba mchanga akiwa mtoto, akapita jangwani mpaka Morocco, akavuka kwenda Hispania, Paris akalala nje, pambano lake la kwanza la MMA, ndo huu mchezo wenyewe wa UFC, alikuwa na miaka 27 na 2021 akawa bingwa wa UFC uzito wa juu. Sasa mpira ukifika miaka 23 hujaonekana ndo basi tena, hakuna timu itakuangalia. Huu mchezo unamwambia kijana bado hujachelewa, na kwa kijana aliyetoka Kongwa au Mpwapwa kuja mjini baada ya serikali kuhamia, akakuta kazi ni zege na boda, hilo neno lina uzito sana jamani msilichukulie poa. Hata McGregor, staa mwingine wa UFC, alikuwa anajifunza ufundi bomba Dublin, anaingia UFC 2013 bado anapokea posho ya wasio na kazi.

Na sisi wanawake tupo pia, toka mwanamke Ronda Rousey apigane UFC 2013 tunaangalia sana tu.

kocha_changombe
Dada umenena. Mie nafundisha vijana ngumi na judo hapa Chang'ombe, naongezea mawili. Kwanza wengi wanaokuja hawaji kupigana, wanaishi chumba kimoja, hawana mjomba wala baba mdogo hapa mjini, wakiingia mazoezini wanapata mtu wa kuwaambia kesho uje na mapema, wakikosa siku mbili wanatafutwa. Hilo peke yake linawatuliza.

Pili, na hapa nasema kwa uchungu, hela ya UFC hawaipati wapiganaji. Kesi waliyoifungua wapiganaji dhidi ya UFC 2014 ilionesha mgao wao ni kama asilimia 20 ya mapato au chini ya hapo, wakati NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, wachezaji wanachukua karibu nusu. Kampuni ikakubali kulipa dola milioni 375 kuimaliza. Ngannou mwenyewe aliondoka 2023 akiwa bingwa, mwaka huohuo akapigana ngumi na bondia Tyson Fury kule Riyadh akalipwa kuliko alivyowahi kulipwa UFC. Madogo hii sehemu kwenye klipu hawaioni, na madhara ya mapigo ya kichwa nayo hawayaoni mpaka wafike miaka 40.

mkwaju_dom
Aisee kumbe. Shukrani sana dada na kocha. Sasa dogo akitaka kuanza hapahapa Dom aanzie wapi? Kuna mmoja kijiweni ananisumbua kweli, ana miaka 20.

kocha_changombe
Aanze na ngumi, asikimbilie kizimba, yaani ule ulingo wa wavu wa UFC. Ngumi zina mapromota hapa nchini, zina TV, na njia inaonekana, bondia Mwakinyo katoka Tanga akaenda Birmingham 2018 akampiga Muingereza Eggington raundi ya pili kwao. Judo aifanye pembeni ajifunze kuanguka na kabali. Asiache boda, aje saa kumi na moja jioni, na kabla ya kugusana na mtu yeyote apime macho na presha hospitali. Mwambie asinunue glovu za bei, za kuanzia tunazo.