Serikali inajua kutufungia sisi, hawa wenye mitandao inawaogopa nini?

Wakuu salaam. Nimenyamaza vya kutosha, leo naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Nauza vitenge na madera Kariakoo. Wateja wangu wengi ni wa mikoani, wananiona mtandaoni, tunaongea, nawafungia mzigo unapanda basi. Mwaka huu matapeli wakafungua ukurasa kwenye mtandao mmoja mkubwa. Wamebeba picha zangu zote, hata ile ambayo mkono wangu unaonekana umekunja kitambaa juu ya kaunta. Jina ni langu, wameongeza nukta mwishoni. Namba ya simu ndiyo yao. Dada mmoja wa Singida akanipigia analia, alikusanya hela za wenzake za sare ya kitchen party, akatuma, akablokiwa. Namba yangu halisi aliipata kwa mteja wangu wa zamani. "Dada yangu, mbona umenifanyia hivi? Hao wenzangu nawaambia nini?" Nilikosa cha kumjibu.

Nikaripoti ule ukurasa. Wateja wakaripoti. Likarudi jibu la Kiingereza kwamba umekaguliwa na haujavunja kanuni yoyote. Siku chache mbele ukafungwa ukurasa WANGU, eti mimi ndiye najifanya mtu mwingine! Nikakata rufaa, nikatuma picha ya leseni ya biashara na kitambulisho cha NIDA. Jibu likaja chai niliyomimina ikiwa bado ya moto: uamuzi haubadiliki. Hakuna binadamu aliyeisoma ile leseni, siwezi kuamini hilo hata mnishawishi vipi. Polisi nikapewa RB, yaani namba ya taarifa niliyoandikisha, nikaambiwa hao wenye mtandao hapa nchini hawajulikani pa kuwapata.

Sasa nisikilizeni. Msiniambie nchi hii haina sheria za mitandao, tunazo mpaka zimezidi. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 zilimtaka mwenye blogu alipe leseni ya shilingi milioni moja kwa mwaka, mbali na ada ya maombi, na akikiuka faini haipungui milioni 5 au jela isiyopungua miezi 12. Juni mwaka huo jukwaa la mijadala la JamiiForums likalazimika kuzima mitambo kwa sababu ya leseni. Kanuni za 2020 zikaja na masaa mawili ya kuondoa maudhui ukishapewa taarifa. Mei 2025 mtandao wa X, zamani Twitter, ukafungwa nchi nzima, Septemba JamiiForums ikasimamishiwa leseni kwa siku 90. Kwa hiyo nguvu ipo, na spidi ipo. Ila angalieni inamwangukia nani kila mara. Inamwangukia anayeandika na anayesoma. X ilipofungwa mtumiaji wa Tanzania ndiye aliyehangaika na VPN, ile programu ya kupita kwenye mitandao iliyofungwa, ambayo nayo TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilishatangaza tangu 2023 kwamba lazima uitolee taarifa. Wenye X wao walipoteza nini?

Majirani zetu Kenya wamepitia haya haya. Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi, mashirika ya Global Witness na Foxglove yaliwajaribu Facebook kwa kuwapelekea matangazo ya chuki ya kikabila, yanayohimiza watu wachinjwe na wabakwe, kwa Kiswahili na Kiingereza. Ya Kiswahili yakapita. Ya Kiingereza yalirudishwa kwanza kwa makosa ya sarufi na matusi, yakarekebishwa kidogo, nayo yakapita. Mashirika yenyewe yaliyaondoa kabla hayajaonekana kwa watu. Tume ya uwiano ya Kenya, NCIC, ikawapa Facebook siku 7 wajirekebishe la sivyo wafungiwe. Mawaziri wakatoka kusema Facebook haifungwi. Ikaishia hapo. Ama wafungiwe kabisa ama waachwe kabisa, hakuna aliyekaa chini akasema mnatakiwa kuwa na watu wangapi wanaosoma Kiswahili, na mtuonyeshe.

Ulaya wamesema. Sheria yao ya Huduma za Kidijitali imeanza kuibana mitandao mikubwa tangu Agosti 2023, ile yenye watumiaji kuanzia milioni 45 huko kwao. Ukifungiwa akaunti lazima upewe sababu inayoeleweka. Lazima kuwe na njia ya kulalamika, na malalamiko hayaruhusiwi kuamuliwa na mashine peke yake. Ukishindwa hapo unaweza kwenda kwenye chombo cha usuluhishi nje ya kampuni. Na kampuni inatakiwa itangaze ina wakaguzi wa maudhui wangapi kwa kila lugha rasmi ya Umoja wa Ulaya. Faini inafika asilimia 6 ya mapato yake ya dunia nzima. Kimalta kinaongelewa na watu kama nusu milioni na wakaguzi wake lazima wahesabiwe kisheria. Sisi wa Kiswahili, kuanzia Dar mpaka Lubumbashi, nani anatuhesabia?

Na kinachoniuma zaidi, hiyo kazi ya ukaguzi vijana wetu wanaijua. Facebook walikuwa na wakaguzi Nairobi kupitia kampuni ya Sama, wanatazama video za watu kuchinjwa kutwa nzima kwa ujira mdogo. Mmoja wao, Daniel Motaung, akawashtaki 2022, mwaka uliofuata wenzake zaidi ya 180 wakaenda mahakamani baada ya kuondolewa kazini. Meta, wenye Facebook, wakabisha kwamba mahakama za Kenya haziwahusu. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikawaambia zinawahusu. Mahakama ya Kenya imeweza kuwavuta, sisi mdhibiti wetu anashindwaje hata kuwaandikia barua?

Kabla hamjanirukia: sitaki serikali ipewe rungu jingine la kuamua nini kifutwe. Hilo wanalo na tumeona wanavyolitumia. Nataka sheria isiyogusa maneno ya mtu kabisa, inayobana kampuni tu. Wawe na ofisi hapa au mwakilishi anayeweza kupelekewa hati ya mahakama. Sababu ya kunifungia niipate kwa Kiswahili. Rufaa isomwe na mtu mwenye macho. Ukurasa wa kitapeli wenye RB ya polisi usimamishwe wakati uchunguzi unaendelea. Wanaingiza hela za matangazo kutoka kwetu, na TRA tangu 2022 inawakata kodi ya huduma za kidijitali. Kodi mmeweza kuwafuata huko huko waliko, basi na hili muwafuate.

Ukurasa wa tapeli bado uko hewani ninavyoandika, jana wameweka picha ya mzigo wangu mpya. Mdau yeyote aliyewahi kurudishiwa ukurasa aseme hapa alipitia wapi. Na kama kuna mwanasheria humu anayeweza kutusaidia kufungua kesi ya pamoja, mimi jina langu liwe la kwanza.