Tupeane uzoefu: kumwandikia msafiri mwenye usonji maelezo ya kivuko cha Kamanga

Wadau wa Mwanza, tuweke hapa namna ya kuandika karatasi ya safari kwa mtu mwenye usonji (autism) anayevuka ziwa kwenda Kamanga. Mtoto au mtu mzima, msingi ni mmoja: ajue kitakachotokea kabla hakijatokea.

Mwalimu, Igoma
Saa ndiyo inayoharibu kwanza. Ukiandika "tunaondoka saa 2", simu yake inasoma 08:00. Anayelichukua neno kama lilivyo anabaki hajui aamini kipi. Andika zote: "Saa 2:00 asubuhi. Simu itaonyesha 08:00." Halafu futa "sasa hivi" na "baadaye kidogo". Kwetu "nakuja sasa hivi" ni adabu tu, kwake ni ahadi. Kama dakika haijulikani, taja dalili: "Kivuko kitaondoka magari yakishaingia na mlango ukishapandishwa." Ongeza mstari wa kuchelewa: "Kikichelewa, tutakaa kwenye benchi. Hakuna aliyekosea." Mstari huo usiuache kamwe.

Mama, Nyegezi
Sentensi moja, jambo moja. Herufi ukubwa wa 14 au zaidi, mistari iachane, maandishi yaanzie kushoto. Usiandike kwa herufi kubwa tupu, maumbo ya maneno yanafanana na macho yanachoka. Ukipeleka steshenari kulaminisha, kumbuka jua la ziwani: plastiki inameremeta na hakisomeki kitu. Karatasi ya rangi ya maziwa ndani ya daftari inatosha. Sehemu ya katikati iwe hivi:

Tunakata tiketi dirishani.
Tunasubiri nyuma ya geti.
Mlango wa chuma unashuka. Unagonga chini kwa kishindo.
Magari yanaingia. Sisi tunapita pembeni.
Honi inalia. Inaweza kulia tena.

Picha zipigwe kwa urefu wa macho yake, siku na saa ileile ya safari. Geti lililopigwa picha likiwa tupu halifanani na geti lenye watu, ndoo za dagaa na bodaboda. Atakuambia hapa siyo penyewe, na atakuwa sahihi.

Mhudumu wa afya, Kirumba
Kuhusu kelele. Vizibo vya masikio vya sponji vinalaumiwa bure, kosa liko kwenye uvaaji. Nawa mikono. Viringisha kizibo kiwe chembamba kama njiti. Pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma, ingiza, shikilia sekunde 30 kivimbe. Kikining'inia nje, hakizuii kitu. Mtoto mdogo asipewe, anaweza kukimeza au kupaliwa. Mpe vifuniko vya masikio vya kuvaa kichwani. Visivaliwe kutwa nzima, masikio yakizoea ukimya sauti za kawaida nazo zinaweza kuanza kuumiza. Wala usiandike "usiogope". Andika sauti inatoka wapi na inaisha lini.

Jaketi okozi nalo alishike mapema: mikanda inabana, kitambaa kinakwaruza, mara nyingine lina unyevu. Fulana ya mikono mirefu ndani inasaidia.

Mdau, Kamanga
Mimi nasisitiza maneno. "Anaugua usonji" ifutwe, huu si ugonjwa wa kutibiwa upone. "Taahira" na "zezeta" ni matusi. Akipunga mikono au kujitikisa, mwili unajituliza. Karatasi isiseme "tulia". Iseme: "Unaweza kupunga mikono. Unaweza kusimama ubavuni mwa kivuko penye upepo, mbali na injini." Na methali ziondolewe zote.

Mwalimu, Igoma
Hapo kwenye methali sikubali. Wapo wenye usonji wanaozipenda na kuzikusanya. Kwenye maelekezo ziondoke, kweli, maana pale mtu anahitaji kujua asimame wapi. Kwingine ziweke na maana yake pembeni. Tusimpunguzie mtu lugha yake kwa kumdhania.

Mama, Nyegezi
Nakubaliana. Dawa ni kumpa msomaji mwenyewe rasimu na kalamu nyekundu, apigie mstari kila neno lenye maana mbili. Mtu mzima aulizwe pia anapenda aitweje. Na wengi wanasahau safari ya kurudi: karatasi inaishia Kamanga, jioni mtu amekwama getini. Iandikwe upya kuanzia upande wa Kamanga, na picha zake, maana dirisha la tiketi liko kwingine na foleni inaelekea kwingine.