Malindi: acheni kuuza tyubu na sindano kwa kila mwenye vipele sehemu za siri, mtazameni kwanza!

Assalam aleykum wanajukwaa. Uzi huu nimeufungua kwa hasira, na wenye maduka ya dawa wausome.

Hapa Malindi, kuanzia Maweni mpaka Barani, mtu akitokwa na vipele kinenani huona haya kwenda hospitali. Husubiri jioni watu wapungue, akapita duka la dawa na kunong'ona dirishani. Muuzaji hamwambii aingie ndani atazamwe. Hamuulizi hata kama inawasha. Anampa tyubu ya mchanganyiko, yaani dawa ya fangasi, antibiotiki na steroidi ndani ya krimu moja, anamchoma sindano "ya kusafisha damu", anapokea pesa. Mgonjwa anaondoka hajui anaumwa nini, ila ameshaamini ni zinaa. Akifika nyumbani anamgeukia mkewe: umenileteaje haya? Nyumba inavunjika kwa sababu ya choa!

Hiyo tyubu ndiyo inayoniudhi kuliko yote. Choa cha kinenani kinajulikana kwa macho: duara lenye ukingo ulioinuka na magamba, katikati pamepoa, kinawasha, kinatambaa pajani na mara nyingi korodani zinasalimika. Msimu wa kaskazi kinashamiri, jasho haliishi na bukta ya nailoni iliyoloa maji ya chumvi inakaukia mwilini. Dawa yake ni klotrimazoli 1% tupu, mara 2 kwa siku, ukipitisha kidogo nje ya ukingo, kwa wiki 2 hadi 4, na usiache siku ile unapoona ngozi imetakata. Sasa ukitia steroidi, mwasho unatulia siku ya pili na mteja anasifu dawa. Kumbe kinga ya ngozi imelazwa na fangasi inatanuka. Akiacha kupaka, kinarudi kipana, ukingo umefutika, hata daktari anahangaika kukitambua. Akiendelea miezi, ngozi ya kinena, ambayo ni nyembamba, inapasuka michirizi isiyofutika maisha.

Ya pili ni upele wenyewe, ule wa kidudu kinachochimba ngozini. Unawasha usiku hasa. Tazameni katikati ya vidole, vifundo vya mikono, kiunoni, kitovuni, chuchu kwa wanawake, na kwa wanaume vinundu vigumu kwenye uume na korodani. Hivyo vinundu ndivyo vinavyotisha watu, wakati mtoto wa nyumba hiyohiyo anajikuna usiku kucha na hakuna aliyeuliza! Ndiyo, unaweza kuambukizwa kwa kulala na mtu, lakini hata kitanda kimoja na ndugu kinatosha. Na kwa anayeupata mara ya kwanza, mwasho huchelewa wiki 4 hadi 6, kwa hiyo aliyeanza kujikuna siye lazima aliyeuleta. Msitafute mchawi.

Dawa ni benzili benzoeti 25%, ile nyeupe ya maji. Oga, jikaushe, paka kuanzia shingoni hadi nyayo, usiruke chini ya kucha wala makalio. Kaa nayo saa 24, oga, rudia siku inayofuata. Ukinawa mikono, paka tena mikono. Watoto wa miaka 2 hadi 12 ichanganywe na maji kiasi sawa. Wa chini ya hapo na wajawazito waende zahanati kwanza. Nyumba nzima ipake siku moja, hata asiyejikuna. Nguo na shuka zifuliwe kwa maji moto na kuanikwa juani. Kisichofulika kifungwe ndani ya mfuko siku 3 au zaidi. Mwasho unaweza kubaki wiki 2 hadi 4 hata kidudu kikiwa kimekufa, na hapo ndipo watu wanapojipaka kila siku mpaka ngozi inaungua.

Kinachostahili kuogopwa ni kile kisichowasha. Kaswende huanza na kidonda kimoja, kigumu ukingoni, kisichouma, kwa kawaida wiki 3 hivi baada ya tendo. Kinapona chenyewe, mtu anashukuru Mungu. Wiki chache baadaye vinatokea vipele mwilini, mara nyingi haviwashi, na vinaingia viganjani na nyayoni. VIGANJANI NA NYAYONI! Mhudumu ambaye hajamwambia mgonjwa avue viatu hajamtazama. Mitoki inavimba, nywele zinanyofoka mabaka mabaka, koo linauma. Navyo vinatoweka bila dawa, huku ugonjwa umebaki ndani ya mwili.

Hapo sindano ina kazi, lakini siyo ya kubahatisha. Kaswende changa inatibiwa kwa benzathini penisilini yuniti milioni 2.4, mara moja, kwa kawaida ikigawanywa makalio mawili. Penisilini ya kawaida ya kuyeyuka haraka inakaa mwilini saa chache tu, na vimelea hivi huzaana polepole, vinaipisha. Hata mwenye dawa sahihi hukosea: unga ule ni mzito, ukikorogwa kwa maji machache au ukichomwa kwa sindano nyembamba unaziba, nusu ya dozi inabaki kwenye bomba na mgonjwa anaambiwa tayari. Kisha anafukuzwa, wakati alitakiwa akae nusu saa atazamwe, na adrenalini iwe karibu, maana mzio wa penisilini unaweza kumwangusha ghafla. Duka lako lina adrenalini? Kama halina, weka sindano chini.

Na Septrin, ile antibiotiki ya vidonge. Mtu anapata doa moja jeusi la mviringo kwenye kichwa cha uume, pengine linachubuka, na lingine mdomoni. Anauziwa Septrin, linawaka upya PALEPALE. Hilo mara nyingi ni mzio wa dawa. Muulizeni alimeza nini juzi. Swali hilo halina gharama.

—

Jibu kutoka maabara:

Kaka umesema kweli tupu, naongeza ya upande wetu. Kipimo cha haraka cha kaswende kinasoma kingamwili, na hizo kwa wengi hubaki maisha hata baada ya kutibiwa. Wagonjwa wanachomwa upya kila wanapopimwa, eti "bado ipo". Aliyewahi kutibiwa apimwe RPR yenye kiwango, yaani kipimo cha damu kinachoonyesha kama ugonjwa unapungua: ikishuka kutoka 1:32 hadi 1:8 ndani ya mwaka, dawa imefanya kazi. Kinyume chake, kidonda cha siku chache kinaweza kutoa majibu safi, arudi tena, na mara ya mwisho iwe siku 90 baada ya tendo. VVU navyo vipimwe vivyo hivyo. Na wanaosoma majina na majibu kwa sauti dirishani, mnawafukuza watu warudi kwenye tyubu.

—

Dada shukrani, hilo la kusoma majibu kwa sauti lilinitoka. Kwa aliyeuliza kuhusu malengelenge madogo yaliyokusanyika na kuuma kama moto: yanaelekea kuwa hepesi, wahi asikloviri siku za mwanzo. Yakiwa na homa, mitoki na usaha mwili mzima, usilale na mtu wala kugawana taulo, nenda hospitali utaje mpox, ule ugonjwa wa virusi wa malengelenge, maana uliripotiwa nchini Julai 2024. Na kama tendo lenyewe halijapita saa 72, usingoje kipele chochote: nenda leo ukaombe dawa za kuzuia VVU, zinatolewa bure hospitali za serikali.