Saa ya bei mbaya: uliyenunua, ilikulipa? Tupeane uzoefu

Wakuu, naanza mwenyewe. Mwaka juzi niliingiziwa malimbikizo ya mshahara, nikapitiliza dukani, nikatoka na saa ya milioni moja na laki nane. Wiki mbili baadaye tukaenda kujadili mahari. Kwao muoaji anaruhusiwa kukaa mkekani, mradi anyamaze. Nikanyamaza, ila mkono wa shati nimeukunja. Baba mkubwa wa binti akaitazama saa, akamnong'oneza mwenzake, na ile milioni mbili tuliyodokezwa ikageuka tatu na nusu. Mshenga akanifinya paja: "Shusha shati, mpumbavu wewe." Tulilipa. Mke ninaye, saa niliiuza laki saba. Nyie je?

*Kijana wa Mbagala:* Yangu ilikaa siku kumi na moja. Dirisha la daladala, foleni, kwisha. Sina la kuongeza.

*Fundi Saa:* Nakaa na kimeza changu Kariakoo mwaka wa kumi na tisa huu. Casio F-91W, ile ya plastiki iliyotoka 1989, kiwanda kinasema haikimbii wala kuchelewa zaidi ya sekunde 30 kwa mwezi. Rolex wanajivunia sekunde 2 kwa siku, mbele au nyuma. Pigeni hesabu ya mwezi wenyewe. Moja inaendeshwa na betri, nyingine springi na vigurudumu vya meno, na springi haiwezi kushindana na betri kwa majira hata uilipie nyumba. Kazi ya mkono iliyomo ndani ni tamu, sikatai, mimi huwa naifungua na kuitazama tu.

Na ile habari kwamba mshale wa sekunde ukiteleza ndiyo orijino, achaneni nayo. Feki za siku hizi nazo zina springi. Kuna mzee nilimfungulia mfuniko wa nyuma, akachungulia, akasema "funga haraka". Mkewe ndiye aliyemzawadia, na alikuwa hapo nje anachagua nyanya.

*Mtu wa Unguja:* Babu alirudi kutoka Maskati na Seiko 5. Kidirisha cha siku unachagua Kiarabu au Kiingereza, yeye aliiacha kwenye Kiarabu. Haina betri, inajijaza kwa mkono unavyotembea, ukiivua siku mbili inasimama. Babu alipolazwa, bibi akawa anaivaa yeye, inamteremka mpaka kiwikoni akiwa anakuna nazi, ili mwenyewe akirudi aikute inakwenda. Hakurudi. Sasa ninayo mimi. Sokoni sidhani kama inafika laki mbili, na sijawahi kuuliza.

*Fundi Saa:* Wa Unguja, ilisafishwa lini mara ya mwisho? Mafuta ya ndani hukauka, vyuma vikaanza kulana. Siku ukivuka na boti pitia kwangu. Na asitokee mtu akakushawishi uing'arishe iwe mpya, mikwaruzo iache hivyohivyo.